Saluti Niliyoipiga Ilala

Ujumbe uliingia Jumanne asubuhi nikiwa kwenye foleni ya kivuko pale Magogoni, naenda Kigamboni kwa shughuli zangu. "Afande katutoka." Maneno mawili tu, kutoka kwa rafiki yetu Mwalimu, mtu ambaye kwa kawaida hawezi kukuambia hata saa bila utangulizi. Nikatoka kwenye foleni, nikarudi mjini kwa miguu bila kujua hasa nakwenda wapi. Sasa ni wiki tatu tangu tumsindikize, na wasomaji wangu wa siku nyingi mtanisamehe: leo siandiki habari za bei ya sukari wala mashimo ya barabarani. Kuna jambo limenikaa kooni, halishuki, halitoki. Makala haya nimeyaanza mara nne na kuyafuta mara nne. Mke wangu anasema nakaa kama mtu aliyekalia siafu, na kwa kweli hajakosea.

Jina lake silitaji, ndiyo desturi ya safu hii. Alikuwa na duka la ndoo, mabeseni na chupa za chai Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu. Mchaga wa Rombo aliyekuja mjini kijana, akaja akazeekea mjini. Sokoni kote walimwita Afande. Jumapili akitoka kanisani alifungua mlango mmoja tu wa duka, na sisi watatu tukapenya hadi stoo: mimi, Mwalimu mstaafu wa Magomeni, na fundi saa wa duka la jirani. Kule nyuma kulikuwa na televisheni juu ya katoni na feni moja iliyokuwa ikilalamika kuliko kupuliza. Tulikuwa tunaangalia filamu za vita. Za zamani tu, zile ambazo vijana wa siku hizi wakiziona wanauliza kama runinga imeharibika kwa sababu hazina rangi.

Kuangalia, lakini, ndiyo ilikuwa sehemu ndogo. Kazi ilikuwa kuchagua. Kila mmoja alikuja na filamu yake moja kwenye flashi, na kabla ya kubonyeza chochote ilimbidi asimame aitetee kama wakili mahakamani: kwa nini hii, kwa nini leo, ina nini ambacho ile ya mwenzake haina. Ubishi ungeweza kuchukua saa nzima na ushee. Mke wa Afande alikuwa anapitisha chai, anatutazama, anatikisa kichwa: "Jua linakuchwa hamjatazama hata moja, nyie wazee!" Mwisho wa yote hakimu alikuwa Afande. "Yeye ndiye aliyekwenda," Mwalimu angesema, na hapo mjadala unakufa. Alimaanisha vita vya Kagera. Sisi wengine wakati ule mmoja alikuwa darasani na wawili tulikuwa tunafukuza mpira, kwa hiyo nani angebisha?

Mnisikilize alivyokuwa anahukumu, ndipo mtamjua. Fundi saa alipenda zile filamu za jamaa mmoja mwenye bunduki moja anayelaza kikosi kizima chali. Siku hiyo aliitetea ya kwake mpaka jasho likamtoka. Afande akamsikiliza, akavua miwani, akaifuta. "Huyu jamaa risasi anazitoa wapi?" akauliza. "Toka ameanza kupiga hajabadilisha magazini. Mimi hapa nikitoa ndoo mia, stoo inabaki na vumbi. Yeye stoo yake iko wapi?" Fundi akaruka juu: "Aah, Afande, hii ni burudani bwana!" Afande akamjibu kwa upole, "Burudani ni harusi. Hapa watu wanakufa." Ya fundi ikaanguka. Mwalimu naye alipenda majenerali wanaohutubia. Afande akasema, "Mvua yote hiyo, hotuba yote hiyo, na hakuna hata askari mmoja anayekohoa?" Nayo ikaanguka. Ya kwangu ilikuwa ya nyambizi, watu ishirini wamejifungia ndani ya bati chini ya bahari. Akaiangalia dakika kumi. "Hii ndiyo," akasema. "Hawa wanaogopa. Mtu anayeogopa namwamini." Nilivimba kichwa wiki nzima. Leo nikikumbuka najiuliza nilikuwa na akili gani, maana maswali yale yote yalikuwa ya mwenye duka. Hakuna hata moja lililokuwa la askari.

Kwani uaskari tuliupata wapi? Tuliutengeneza wenyewe. Alikuwa na koti la kaki lenye mifuko mingi, la mtumba, analivaa akishusha mzigo. Siku moja fundi saa akamuuliza ghafla, "Hivi mzee wangu, ulikuwa kikosi gani?" Akajibu, "Mambo ya zamani hayo, tuyaache." Basi! Hapa Bongo mtu anayejisifu kuwa alipigana tunamwita muongo, na anayekataa kuzungumza tunamvika nyota mabegani. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," Mwalimu alininong'oneza. Kesho yake mpaka wapagazi wa Mtaa wa Msimbazi walikuwa wanamwita Afande, naye anaitika.

Kisha ikaja Jumapili ya mvua kubwa. Barabara ya Jangwani ikafungwa kwa mafuriko, Mwalimu akakwama Magomeni, fundi akalala nyumbani. Tukabaki wawili, na bila ubishi hata kuchagua kukatushinda. Akaweka filamu aliyoipenda, ya askari wanaokaa kwenye handaki wakisubiri amri isiyokuja. Katikati akaizima. Nikadhani umeme umekatika.

"Mwandishi," akasema, "mimi sikwenda."

"Hukwenda wapi?"

"Vitani. Sikwenda. Walipoandikishwa wenzangu, mjomba wangu aliniambia baki uangalie duka, nami nikashukuru. Nilishukuru moyoni kabisa, usidhani nilisikitika. Kuna kijana mwenzangu wa Rombo, tulikuwa tunalala kitanda kimoja Buguruni, chumba cha kupanga. Yeye alikwenda. Hakurudi."

Akaendelea, anaitazama ile runinga nyeusi. "Nikaanza kwenda sinema. Kila filamu ya vita iliyoletwa mjini nimeiona. Nilitaka kujua alikokwenda. Nyingi zinadanganya, ndiyo maana nakuwa mkali. Na nyinyi mkiniita Afande, naitika, halafu nasikia vibaya. Hilo jina ni lake." Mvua inapiga bati, yeye anazungusha kifuniko cha chupa ya chai mkononi. "Nikifa watasema mengi. Wewe ndiye utakayeandika, ndiyo kazi yako. Usiandike kwamba nilipigana. Umenisikia?"

"Nimekusikia, kaka."

"Sema 'haya'."

"Haya."

Tukaendelea na filamu. Jumapili iliyofuata Mwalimu akaja, fundi akaja, wakamwita Afande, akaitika, nami nikanyamaza. Kunyamaza huko kulikuwa heshima kwa mtu aliye hai, sikujilaumu. Ninachojilaumu ni kilichofuata.

Kijana wake mkubwa alinipigia Jumanne ileile. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, pole sana." Akasema ibada ya kuaga itakuwa Alhamisi nyumbani Ilala, kisha mwili unasafirishwa Rombo, na familia inaomba niuweke sawa wasifu wa marehemu kwa kuwa mimi ni mtu wa kalamu. Akanitumia rasimu. Kuzaliwa, shule, biashara, ndoa, watoto, wajukuu. Na katikati, mstari huu: "Aliitumikia nchi yake kwa ujasiri katika vita vya Kagera." Niliukodolea macho mstari ule mpaka skrini ikazima. Nikaufuta. Nikarudisha rasimu bila maelezo, kama mtu anayeacha sahani chafu mlangoni kwa jirani.

Alhamisi nimefika tu chini ya maturubai, kijana kanivuta pembeni. "Baba, mbona umeruka jeshi? Wajukuu wake wote wanajua." Hapo ndipo pa kusema. Hapo hapo. Nikasema, "Sikuona karatasi zake." Karatasi! Mwalimu, aliyekuwa amesimama nasi, akanishika mkono: "Mwandishi, marehemu hapunguziwi." Nikamwambia simpunguzii. "Basi rudisha," akasema. Kijana akarudisha kwa kalamu, kwa mwandiko wake, nami nikaangalia viatu vyangu. Wasifu ukasomwa. Msomaji alipofika kwenye ule mstari watu wakaguna kwa heshima, na Mwalimu akasimama, akakaza mwili, akapiga saluti mbele ya jeneza. Fundi saa akafuata. Macho yakanigeukia mimi, rafiki wa tatu. Nikasimama. Mkono wangu huu ninaoandikia ukapanda mpaka kwenye paji la uso. Nilimpigia saluti kwa jambo aliloniomba nisimvike, naye amelala hatua mbili kutoka nilipo, hawezi kusema "uongo huo" kama alivyokuwa akisema stoo.

Tangu siku hiyo sijatulia. Napita Kariakoo naona kila mtu na filamu yake kwenye simu, kainamia kiganja, hana wa kubishana naye, na najiambia labda hilo ndilo linalonisumbua, kwamba dunia ya ubishi wetu imekwisha. Silo. Nawaza namna tunavyozika hapa mjini: mlevi anasomewa kuwa mchangamfu, mbabe anakuwa mwenye msimamo, na mtu wa kawaida, kwa kuwa hatuna neno la kumsifia, tunamtafutia vita. Tuliokuwa tunakataa filamu kwa sababu magazini haijabadilishwa tumekubali wasifu mzima bila swali. Nikikaa naona aibu, nikisimama naona aibu.

Juzi nikaona liwalo na liwe. Familia imerudi kutoka Rombo, mjane amefungua duka. Nikachapa makala haya hadi hapa mlipofikia, nikaenda nayo Mtaa wa Sikukuu. Nilimkuta amekaa katikati ya mabeseni.

"Pole, shemeji."

"Nimeshapoa, shemeji. Karibu."

Nikamwambia kuna kitu nataka kukiandika gazetini na siwezi kukitoa kabla hajakisikia. Nikamsomea. Nilikuwa nasubiri alie, au anifukuze. Nilipomaliza alikuwa ananitazama kama mtu anayemsubiri mtoto amalize hesabu rahisi.

"Shemeji," akasema, "mwaka ule wa vita huyu mtu alikuwa ananichumbia. Kila Jumamosi yuko sebuleni kwa kaka yangu, anakula wali wetu. Angekwenda vitani saa ngapi?"

Nikaishusha karatasi. "Sasa mbona hukutuambia?"

"Nani aliniuliza? Mlikuwa mnaingia huko nyuma mnajifungia. Afande mlimtaka nyinyi. Mimi nyumbani nilikuwa na mume."

Nikamuuliza kama niandike au nichane. Nikamkumbusha mwanawe, wajukuu, watu wa kanisani. Akafikiri, akainuka akapanga upya ndoo ambazo zilikuwa zimekwishapangwa. Machozi yalikuja hapo, kidogo, akayafuta kwa ncha ya kanga.

"Andika," akasema. "Mwanangu nitamwambia mwenyewe, leo jioni. Ila usiishie kwenye hakwenda, hiyo inakuwa kama umemchongea. Andika kwamba hakuua mtu. Mimi hilo ndilo nililojivunia miaka yote, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumsifia kwa hilo."

Nimeandika, shemeji. Na wewe msomaji, ukiombwa kumwandikia mtu wasifu, usianze na sisi tuliokuwa tukimshangilia. Tunaweza kukupa askari, shujaa, chochote unachotaka, kwa sababu tulikuwa tunaangalia sinema. Nenda kwanza kwa yule aliyekuwa akila naye. Rafiki yangu wa Mtaa wa Sikukuu aliuza ndoo, aliogopa vita, akamlilia mwenzake maisha yake yote. Hakuua mtu.