Betri Tulizompambia Mgeni

Kabla hatujapata nyumba ya kuchajia, betri ya mzee wangu, yaani mume wangu, ilisafiri kuliko mimi. Ilikwenda Karatu mjini, ikalala kwenye duka la Mchaga mmoja tuliyemwita Mangi, mwenye jenereta, ikarudi imeshiba, ikaimba siku mbili tatu, ikanyamaza, ikaondoka tena. Aliyeipeleka si yeye. Kazi yake ilikuwa kusikiliza redio. Kupeleka betri ilikuwa kazi yangu na punda.

Zilikuwa betri za gari. Tulizinunua kwa madereva wa malori ya vitunguu yanayotoka Mang'ola, zikiwa zimeshindwa kuwasha injini. Betri iliyochokwa na lori, sisi tuliiona bado ina ujana. Basi unaifunga mgongoni mwa punda, njia yenyewe mashimo, na tindikali inamwagika. Punda wangu alikuwa na baka ubavuni lisiloota manyoya. Khanga yangu ya kazi ilitoboka mpaka mzee akasema naweza kuitundika kitandani iwe chandarua. Nikamwambia ajifunike yeye, tuone kama mbu hawataingia.

Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili tukasikia kuna wafadhili wanatoa ruzuku ya nyumba ya kuchajia kwa sola. Paneli zinawekwa juu ya bati, betri zinachajiwa hapo hapo kijijini. Hata malori yangechaji, maana madereva waliolala kwetu walikuwa wanayaegesha mteremkoni ili asubuhi yawake kwa kusukumwa, na wasukumaji ni sisi. Kikundi chetu cha akina mama kikaomba. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wake, ingawa shule niliishia darasa la pili. Lakini ruzuku ilikuwa ya kijiji kimoja tu, na watu wa kijiji cha bondeni nao waliomba. Mtaalamu angekuja kututembelea sote, halafu aseme nyumba ijengwe wapi.

Mwenyekiti wa kijiji akatuita, akasema, "Mgeni anakuja kuangalia betri zenu. Msiniaibishe."

Sasa sisi mgeni akija hatumwonyeshi chungu kichafu. Unafagia uwanja, unaazima vikombe kwa jirani, kiti kibovu unakipeleka nyuma ya nyumba. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Tulifunga betri zote za kijiji kwenye punda, tukaenda nazo kwa Mangi, msafara mrefu mpaka watu wa njiani wakasimama kuangalia.

"Mama zangu, kuna arusi?" Mangi akauliza.

"Kuna mgeni."

"Huyo mgeni anakula umeme?"

"Wewe chaji, Mangi. Ipo siku utatukumbuka."

Alicheka, lakini aliwaangalia wale punda kama mtu anayeona wateja wake wakifunga mizigo.

Siku yenyewe ilipofika betri zilikuwa zimeoshwa, zimefutwa, nyingine zimepakwa mafuta ya kujipaka zing'ae. Tulizipanga milangoni juu ya vitambaa vilivyofumwa. Redio zote ziliwashwa, spika tumezitumbukiza kwenye vyungu zitoe mdundo, na taa zinawaka saa sita mchana na jua lote lile. Mimi mwenyewe niliona tumependeza.

Mtaalamu akashuka kwenye gari, kijana wa Arusha, mpole, suruali imepigwa pasi hadi mkunjo wake ungekata kitunguu. Alikuwa na kidude cha kupimia. Akakigusisha kwenye betri ya kwanza, ya pili, akapita mlango kwa mlango. Akarudi kwangu.

"Bibi, betri zote zimejaa."

"Zimejaa," nikasema, kifua mbele.

"Kijiji kizima?"

"Kizima."

"Sasa shida yenu ni nini? Wenzenu wa bondeni nimekuta betri moja tu iliyo hai, nayo inajikongoja."

Nikamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama viatu vyake. Hapo ndipo niliposhtuka. Bondeni hawakuwa na adabu ya kupokea mgeni, na kwa kukosa adabu huko nyumba yetu ilikuwa inakwenda kwao. Nikaiona ile barabara yote tena, mimi na punda na tindikali, mpaka nizeeke.

Kijana alishaanza kuaga. Nikamwambia, "Mume wangu, unakwenda wapi hujala?" Kwetu bibi hutaniana na mjukuu hivyo, na yeye kwa umri alikuwa mjukuu wangu.

"Nimeshiba, bibi. Nilikula bondeni."

"Umekula kwa mke mwingine ndipo unakuja kwangu? Ndoa gani hii?"

Mzee wangu alikuwa kwenye kiti chake, redio miguuni. Akasema, "Mpe chakula huyo mume mwenzangu. Akikonda watasema mimi ndiye ninayemnyima."

Kijana akacheka, akakaa. Nikamletea makande. Kusema kweli nilimkalisha kwa sababu mgeni haondoki hivi hivi. Hila sikuwa nayo bado. Lakini alipokuwa katikati ya sahani nikasikia redio ya jirani inavuta maneno kama mlevi. Nikatega sikio. Ya pili nayo ikaanza. Betri zetu zilikuwa wazee. Zilijaa haraka kwa sababu hazikuwa na pa kuweka, na leo zilikuwa zimebebeshwa redio, vyungu na taa kwa pamoja tangu asubuhi.

Nilimwongeza makande.

"Bibi, inatosha."

"Kula. Mke mpya hakataliwi chakula chake."

Baada ya makande nikaleta maziwa ya mgando. Baada ya maziwa nikasema chai iko jikoni, na kuni za chai ile nikazichagua mbichi. Taa za milangoni ziligeuka nyekundu kama makaa, halafu zikawa si kitu. Redio zilikufa moja baada ya nyingine upande ule, zikaja upande wetu, mpaka ikabaki ya mzee peke yake. Mtangazaji alikuwa anasoma hali ya hewa. Sauti ikazama, ikakatika.

Mzee akaipiga kofi. Kimya. Kijiji kizima ukasikia kuku tu.

"Ilikuwa inasema nini, babu?" kijana akauliza.

"Ilikuwa inataka kusema habari za mvua. Sasa nitazipata zikininyeshea."

Kijana akainuka na kidude chake, akapita tena mlango kwa mlango. Aliporudi uso wake ulikuwa mwingine. "Bibi, hizi zilichajiwa lini?"

"Jana. Kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu?"

"Ulitaka nikupokee na betri iliyokufa? Ungekuja kuniposa ukanikuta sijanawa uso, ungesemaje?"

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Halafu akauliza sasa inakuwaje. Nikamwambia inakuwa kama siku zote, narudi nazo kwa Mangi, na kama anataka kuona shida, imefungwa pale kwenye mti inakula majani. Akainama mwenyewe kuinua betri ya mzee aipandishe mgongoni mwa punda. Kabla sijamwambia aishike mbali, alishaikumbatia kama mtoto.

Suruali haikuonyesha kitu. Tindikali haina haraka, inasubiri maji. Nikamwambia, "Siku utakayoifua hiyo suruali utanikumbuka." Hakunielewa. Alipanda gari akaenda zake.

Tulikaa muda bila kusikia neno. Bondeni walishaanza kututania kwamba sisi ni matajiri wa umeme. Mwenyekiti hakunisogelea. Halafu siku moja gari lilelile likasimama uwanjani, kijana akashuka na suruali ileile. Mapajani ilikuwa na viraka.

"Bibi," akasema, "nimefua."

Ndivyo nilivyojua kwamba nyumba ya kuchajia tumeipata. Nikaangalia viraka. "Mke mwenzangu hajui sindano," nikasema.

"Nimeshona mwenyewe."

"Basi uoe haraka."

Mawe na mchanga tulichangia sisi, nyumba ikajengwa karibu na barabara ya malori. Watu wa bondeni wakawa wanapandisha betri zao kwetu, tukawapokea vizuri, na tukawaambia hawana haja ya kuzipaka mafuta. Mzee wangu siku ya kwanza alisimama na betri yake uwanjani, ananingoja mimi na punda. Nikamwambia punda alikuwa wa safari ya mbali. Pale pa karibu, wanaume wanafika wenyewe.

Akaikumbatia, akiwa na shati lake la Jumapili. Sikumwambia aishike mbali.