Mwali Ambaye Hakuvunja Ungo

Wenzangu wote pale Maneromango walishavunja ungo, wakawekwa ndani, wakatolewa. Mimi damu haiji, na bado nachota maji kisimani pamoja na vitoto. Mama akachoshwa na maneno ya watu. Siku moja alichinja jogoo, akaipaka damu kaniki yangu, akapiga vigelegele. Kijiji kizima kikaamini.

Mnamlaumu? Mie simlaumu, na atakayemsema tutagombana. Siku zile za ndani, loo, natamani zirudi! Nakaa kwenye baridi ya kiambaza nikisuka ukili, na kungwi wangu ananipaka mafuta ya nyonyo huku akiimba. Alikuwa shangazi yangu, ulimi pilipili, mkono laini. Alinilisha wali wa nazi mpaka nikaomba anihurumie. Sijapendwa vile tena. Nilitolewa kwa ngoma, nimebebwa begani, mama analia. Nikadhani ni furaha.

Nikaolewa nina miaka ishirini hivi. Ndoa ikashindikana siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba. Mume alidhani nimefungwa kwa uchawi. Kungwi akaniangalia, akatoka, akamfuata mama. Hapo ndipo mama alipotoboa habari ya jogoo.

Tukapanda lori la mihogo, mimi, mama na kungwi, mpaka hospitali Dar es Salaam. Daktari Mzungu akanipima, nesi akatafsiri: nimezaliwa bila uke, na kizazi hamna. Kuzaa nisahau. Lakini njia wanaweza kuitengeneza kwa ngozi ya paja langu mwenyewe. Itauma, nitalazwa wiki nyingi, na nisipojitunza baadaye itajifunga.

Karatasi ya ruhusa ilitaka alama ya kidole cha mume, kwa wino. Alipopelekewa habari, alijibu kwa talaka. Nesi akatusomea polepole.

Mama akajipiga kifua. "Basi twende nyumbani, mwanangu. Utapasuliwa kwa ajili ya nani sasa?"

Kungwi naye akainamisha kichwa, akaanza kufunga kifurushi chetu.

Niliwapenda wale wanawake wawili kuliko roho yangu. Lakini hasira iliyonipanda, wallahi! Waliniweka ndani, wakanitoa, wakanioza, na muda wote huo nilikuwa nimetazama chini, kama mwali anavyofundishwa. Nilitaka kuponywa. Hakuna aliyeniuliza.

Nikanyanyua macho. "Dada nesi, naomba huo wino."

"Lakini karatasi inataka mume…"

"Kwani linalokatwa ni paja la nani?"

Nesi akamtazama daktari, akamtafsiria. Yule Mzungu akanisogezea karatasi. Nikachovya dole gumba, nikalibonyeza mwenyewe, nikalishikilia pale hata wino ukasambaa. Mama akaanza upya kulia, safari hii amenishika mkono, na hakuuachia mpaka waliponiingiza chumba cha upasuaji.