Sahani ya Saba

Kila Desemba mtaa wetu wa Lizaboni huvaa kazi ya mikono yangu. Mimi ni fundi cherehani, na sikukuu kabla haijafika kwa watu hupita kwanza kwa fundi, ikiwa vipande vipande, haina mikono wala kola. Wateja wote huja dakika za mwisho. Wote wana haraka, wote wamenenepa tangu mwaka jana, na hakuna hata mmoja anayekubali. Nagombana nao, nawavalisha, wanaondoka. Siku yenyewe ikifika nafunika mashine yangu na kukaa.

Zamani sikuwa nakaa hivyo. Mimi ni Mwislamu, mtu wa Namasakata kule Tunduru, lakini kwa miaka yote niliyoishi hapa na mke wangu sijawahi kukosa Krismasi. Jirani yetu wa upande wa pili wa ua, mama anayeuza mbegu na mbolea, alikuwa akituletea bakuli la pilau mchana wa sikukuu, limefunikwa kitambaa, na juu yake mapaja ya kuku. Idd ikifika mke wangu alilirudisha bakuli lile lile likiwa limejaa, maana chombo cha jirani hakirudi kitupu. Kazi yangu mimi ilikuwa kula na kulalamika kwamba kuku wa mwaka huu ni mgumu.

Krismasi ya mwisho ya mke wangu bakuli lilikuja kama kawaida. Kabla Idd haijafika, mke wangu akafariki.

Sijui kupika. Nilitoka mikononi mwa mama yangu nikaingia mikononi mwa mke wangu, na jikoni nilikuwa naingia kutafuta kiberiti tu. Idd ilipokaribia nilifunga mlango nikaenda kwa kaka yangu Namasakata, nikakaa huko mpaka sikukuu ikapita. Niliporudi, bakuli la jirani lilikuwa pale pale kabatini. Kulirudisha tupu ni aibu, na cha kutia ndani sikuwa nacho. Jirani hakuliulizia. Tukawa tunasalimiana tu juu ya ua, shikamoo, marahaba, habari za mvua, kisha kila mtu ndani kwake.

Ndiyo maana Desemba iliyofuata nilikuwa nataka kujua jambo moja tu. Je, mimi bado ni jirani yao, au jirani alikuwa mke wangu na mimi nilikuwa mlaji tu?

Mama wa mbegu akaja na familia yake yote dukani kwangu, chumba cha mbele cha nyumba yangu, na furushi la kitenge cha kijani chenye ndege wa njano.

"Fundi, mwaka huu tunavaa sare, nyumba nzima," akasema. "Na sipiki. Nimechoka kushinda jikoni watu wakila. Tutakwenda kula kwa Mwitaliano."

Huyo Mwitaliano ni kijana wa hapa hapa Songea. Alipika miaka mingi Zanzibar katika hoteli za watalii, akawapikia Waitaliano mpaka akajua wanachopenda, kisha akarudi nyumbani kufungua mgahawa. Watu wakampa uraia bila kumuuliza.

Mimi nilisikia neno moja tu: sipiki. Kama hapiki, hakuna pilau, na kama hakuna pilau, hakuna bakuli. Nikasema vizuri, vizuri sana, huku nikizungusha tepu shingoni kwa mumewe, ambaye ni mwalimu na kitambi chake kimefaulu kuliko wanafunzi wake. Nikawapima wote: mwalimu, mkewe, watoto watatu, na bibi mzaa mwalimu, ambaye alikataa katakata kupimwa kiuno.

Nilipomaliza kukata, kilibaki kipande kizuri sana, kinatosha kabisa shati la mwanamume mzima. Mama alipokuja kuchukua nguo nikamwonyesha. Nilidhani alikosea hesabu dukani, maana wateja hukosea.

"Hicho utajua mwenyewe cha kufanya, Fundi," akasema, akacheka.

Nami nikacheka. Kila mtu anajua habari za mafundi na vitambaa vinavyobaki. Wanangu mimi, ambao sasa wote wanaishi mbali, walikwenda shule na mifuko ya madaftari iliyotokana na magauni ya harusi za watu.

Siku chache baadaye yule Mwitaliano alikuja kuchukua vitambaa vyake vya kutandika mezani, vyeupe, nilivyomshonea. Akavitazama, akasikitika kidogo. Alisema ni vizuri lakini meza zitafanana na vitanda vya wodini. Nikamwambia subiri. Nikachukua kile kipande cha ndege wa njano, nikakikata miraba miraba, nikakunja pindo, nikampa vitambaa vya kujifutia mikono na midomo. Sikumtoza hata senti. Kijana alifurahi mpaka akanishika mikono yote miwili.

"Mzee wangu, Krismasi uje ule kwangu. Meza yako ipo."

Nikajiona mjanja. Nimepata mahali pa kula, na pale pale watakuwepo majirani zangu. Nilijiambia nakwenda kwa ajili ya chakula tu. Huo ulikuwa uongo na nilijua ni uongo.

Siku ya Krismasi mvua iliamka kabla yangu. Nikavaa kanzu yangu nyeupe na kofia, nikachukua mwavuli, nikaondoka mapema, watu bado wako kanisani. Mgahawa ulikuwa unanukia vitunguu saumu na mkate. Kijana alinikaribisha kwenye meza ndogo ya watu wawili karibu na dirisha. Vile vitambaa vyangu alikuwa amevikunja pembetatu, kimoja kwenye kila sahani, ndege kila mahali. Nikakaa nikitazama kiti kilichokuwa mbele yangu. Ni vigumu kukaa na kiti kitupu. Hujui uweke macho wapi.

Watu wakaanza kuingia, na karibu wote niliwajua kwa nguo. Yule gauni lake nilimwachia mshono wa akiba ubavuni na sasa anauhitaji. Yule suruali yake nilimaliza jana jioni. Wote walinipungia mkono, wakaenda kwenye meza zao.

Kisha wakaja majirani zangu, kijani kitupu, ndege mpaka kwenye kilemba cha bibi. Walipendeza sana. Mhudumu akaja kwangu mbio akashika mgongo wa kile kiti.

"Samahani mzee, kina mtu?"

"Hakina," nikasema. "Chukua."

Akakibeba mpaka kwenye meza ya jirani zangu. Angalau nikapata mahali pa kuweka macho.

Mama wa mbegu akanifuata kunisalimu. "Shikamoo, Fundi. Kumbe uko huku?"

"Marahaba. Niko huku."

Akaitazama kanzu yangu juu mpaka chini. Nilidhani anaona ilivyopigwa pasi. Akaonyesha meza yao kwa mkono.

"Karibu."

"Asanteni, endeleeni," nikasema.

Ndivyo tunavyosema sote. Mtu akikukuta unakula unasema karibu, naye anasema asante, endelea, na hakuna anayesogea. Lakini kwa mtu unayemtaka kweli, unarudia. Unasema njoo bwana, kaa, kula kidogo tu, unamvuta mkono. Nikangoja arudie. Nilikuwa tayari nimeweka viganja mezani kuinuka. Hakurudia. Alikwenda akakaa, akachukua kile kitambaa kwenye sahani yake, akakikunjua. Akakiweka sambamba na mkono wa gauni lake, akakitazama muda mrefu. Mimi nikaketi wima kwa fahari. Nikasema moyoni, anaitambua kazi yangu.

Chakula cha Kiitaliano kinakuja kwa awamu, na hakuna aliyetuambia. Kwanza uliletwa mkate wenye nyanya juu, watu wakadhani ndiyo basi, wakashiba mkate. Zikaja tambi. Kwetu Tunduru tambi ni za futari, zinapikwa na nazi na sukari, na kuziona zimemwagiwa nyama na nyanya kulinishtua kama kumkuta shehe amevaa kaptura. Bibi kule alikuwa akiuliza kwa sauti ugali unakuja saa ngapi. Watu wakacheka, nami nikacheka, kisha nikageuka kumwambia mtu na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Kwa mke wangu jambo lile lingekuwa la wiki nzima.

Baadaye ikaja ile wanayoiita lasanya, nyama na unga vimepangwa tabaka juu ya tabaka. Sahani zilihesabiwa kwa kichwa, kila meza na idadi iliyoagiza. Sufuria ya nyumbani haihesabu watu, lakini mgahawa unahesabu. Nikamwona mhudumu anapanga sahani kwa majirani zangu. Mwalimu, mama, bibi, watoto watatu. Kisha akaweka nyingine mbele ya kile kiti alichokichukua kwangu. Kilikuwa hakijakaliwa na mtu.

Mhudumu akauliza kitu. Mama wa mbegu akatikisa kichwa, akasema, nikamsikia, "Iache tu."

Mimi niliwapima watu wale kwa tepu. Ni sita. Sahani zilikuwa saba.

Mkononi nilikuwa nimeshika kile kitambaa, nimetoka kufuta mchuzi wa nyanya mdomoni. Nikakitazama. Kulikuwa na ndege wa njano aliyekatwa shingoni, na doa jekundu kifuani kwake. Kipande kile hakikubaki kwa kukosea hesabu. Lilikuwa shati langu. Nilipewa sare, nikaikata vipande, nikaigawa mgahawa mzima watu wajifutie midomo, na yeye aliyeinunua alikuwa amekaa pale akijifutia.

Ningeweza kuinuka. Nafasi ilikuwepo, hata kiti kilikuwepo. Lakini aibu ilinikalia mabegani, nikaona kwamba nikienda sasa itabidi niseme, na nikisema bibi atauliza, na meza zote zitasikia. Nikamshukuru kijana, nikamwambia tumbo halijazoea jibini. Nikatoka, na mwavuli nikausahau. Nilitembea kwenye mvua mpaka nyumbani nikiwa na kanzu iliyonigandia mwilini, na nilikuwa nalia, mzee wa umri wangu. Jioni nikasikia geti lao, sauti za watoto, kisha kimya. Hakuna aliyebisha hodi kwangu.

Nilipoona mgahawa umepumua kidogo, nilikwenda kwa Mwitaliano na kitambaa cheupe kipya. Nikamwomba anibadilishie. Alidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa, lakini alinipa vile vitambaa vyote, baadhi vina mafuta, baadhi vina nyanya. Nikavifua, nikavianika, nikavifumua pindo. Majirani walikuwa wamesafiri kwenda Mbinga kwa mwaka mpya, kwa hiyo nilishona bila hofu ya kuonekana. Katika maisha yangu sijawahi kushona shati baya kama lile. Viungo vilikuwa kila mahali. Ndege mmoja alipata mkia wa mwenzake, mwingine hakupata kichwa kabisa. Madoa ya nyanya yalikataa kutoka. Mikono ikawa mifupi, kwa sababu pindo zilikuwa zimekula kitambaa.

Nikalivaa siku ile ile, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Wateja walicheka. Nikawaambia ni fasheni ya Italia.

Shule zilipokaribia kufunguliwa mama wa mbegu aliingia dukani na kaptura za wanawe, zimekuwa fupi. Akaanza kusema shikamoo, akakomea katikati. Akazunguka meza, akanishika mkono wa shati, akaufuata mshono kwa kidole mpaka begani.

"Huyu ndege hana kichwa," akasema.

"Kichwa chake kilifuta midomo ya watu."

Hakucheka. "Tulipotoka kanisani tulipitia kukuchukua. Tukabisha hodi mpaka tukachoka. Halafu nakukuta kule na kanzu yako, na kitambaa changu kiko kwenye sahani. Nikasema basi, Fundi hataki kuwa wetu."

"Nilidhani umekosea hesabu."

"Mimi?" Sauti ilipanda. "Mimi ninayepima mbolea kutwa nzima?"

Nilimwambia tu kwamba kile kiti alichoazimwa kilitoka mezani kwangu, na kwamba nilingoja arudie kuniita. Akakaa kwenye benchi la wateja, akaziweka kaptura mapajani. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Idd haiko mbali. Sisi tutakula wapi? Au utakimbilia tena Namasakata?"

Mwaka mzima nilikuwa nimekaa nikingoja niitwe, na haikunijia hata mara moja kwamba ng'ambo ya ua nao walikuwa wakingoja. Nikatazama mlango wa nyuma, unaokwenda jikoni kwa mke wangu.

"Kwangu," nikasema.

"Bakuli langu unalo?"

"Ninalo."

"Haya. Kaptura nazihitaji Ijumaa," akasema, akaondoka.

Jioni ile nilikwenda sokoni kununua mchele, nyama na viungo, na muuza viungo ndiye aliyeniambia kipi kinatangulia. Pilau yangu ya kwanza iliungua chini, na juu ikabaki mbichi. Nikaila peke yangu, yote, kwa sababu bado haikuwa ya kumpelekea mtu.