Uji wa Mzazi

Maman Colombe ametimiza miaka sitini na miwili, na kwa zaidi ya ishirini kati ya hiyo amekuwa akiwapikia uji wanawake waliojifungua. Ni mzaliwa wa Mudaka, mjane wa mwalimu, muuza unga wa muhogo katika soko la Kadutu. Uso wake hauonyeshi kitu, na wasiomjua humdhania ana kiburi. Hana. Hapendi tu kupoteza maneno.

Katika kundi letu la parokia, linalotetea watoto ambao hawajazaliwa, kazi yake ndiyo iliyokuwa kazi hasa. Sisi wengine tulibeba bango na kuimba. Yeye alimtafuta msichana mwenye mimba asiyoitaka, akaketi naye, akamwambia, "Zala tu. Siye tutakuwa na wewe." Msichana akijifungua, Colombe alifika asubuhi na termosi ya uji wa mtama, jinsi mzazi yeyote anavyopelekewa uji na jirani zake.

Kisha Mkataba wa Maputo ukatokea kwenye gazeti la serikali: mwanamke aliyebakwa anaweza kumwomba daktari amtoe mimba, na sheria haimgusi. Papa Adalbert, prezida wa kundi letu, alikasirika mwaka mzima. Baada ya hapo tulichoka. Wasichana waliokuja kwetu walipungua, na mikutano ikawa ya kuulizana tu: sasa tunafanya nini? Kisha tukawa tunafunga kwa sala na kwenda nyumbani kula.

Mwezi wa tatu tukasikia habari za Joviale wa Cimpunda, msichana wa miaka kumi na sita. Watu wenye bunduki walimkamata njiani akitoka shambani. Mimba ilipojulikana, mama yake, Gisèle, alimpeleka hospitali, ikatolewa. Habari hiyo ilituuma kwa sababu Joviale tulimjua. Gisèle alipokuwa na mimba yake alitaka kuitoa, na Colombe ndiye aliyemzuia. Picha ya ubatizo wa mtoto huyo imo katika albamu ya kundi, na kila mgeni tulimwonyesha.

Jumapili, baada ya misa, Colombe alisimama mkutanoni akasema kwa sauti ileile ya kuuzia unga, "Kesho minamupelekea Joviale uji."

Papa Adalbert akavua miwani. "Maman, uji iko ya muzazi. Ule mutoto hakuzala. Ukimupelekea, batu batasema tunabariki ile kitu."

"Iko mugonjwa. Na iko na njala."

"Basi ukienda, uache ufunguo ya kabati ya kundi."

Tulipiga kura. Mikono kumi na mmoja ilisema asiende. Wengi wape, na mimi nilikuwa miongoni mwa hao wengi. Maneno ninayo tele, ujasiri ndio sina. Colombe aliweka ufunguo mezani akatoka. Hakulia wala hakugombana. Aliniambia baadaye kwamba tangu aliposikia habari ile hakuhisi kitu moyoni, si huzuni wala hasira, ni ganzi tupu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Jumatatu asubuhi nilimfuata. Aibu ndiyo iliyonisukuma, si wema. Yeye alibeba termosi, mimi nikabeba vikombe, tukapanda njia za udongo za Cimpunda.

Gisèle alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Munakuya kuhubiri?"

"Hapana. Tunakuya kusalimia mugonjwa."

Akasogea tupite.

Joviale alikuwa amelala kwenye godoro, amegeukia ukuta. Colombe alimimina uji, akaketi sakafuni, akakishika kile kikombe mpaka msichana alipojiinua mwenyewe akakipokea. Nilitaka kulia na machozi hayakuja. Wote mle ndani tulikuwa vilevile.

"Maman," Joviale akasema baada ya kunywa kidogo, "mama anasema wewe njo ulimuambia anizale."

"Njo mimi," Colombe akakubali.

"Ulimuletea uji siku ngapi?"

"Siku munane."

"Na siku ya tisa?"

Nyuma yetu Gisèle alikuwa akikunja nguo. Mikono yake ikasimama. Colombe angeweza kusema alikuwa mgonjwa, au kwamba njia zilifungwa na vita, na nani angembishia baada ya miaka yote hiyo? Hakusema hivyo.

"Siku ya tisa," alisema, "tulikuwa tumeshakwenda kwa mungine."

Joviale alimnyooshea mama yake kikombe, kikiwa bado na nusu ya uji, na Gisèle akakipokea akanywa akiwa amesimama.