Arlys Nyuma ya Farasi

Kila tarehe nne Julai, mji mzima wa Bergholt, jimbo la Iowa, ulijua pa kumtafuta Arlys Tveit: nyuma ya farasi. Gwaride la Uhuru liliongozwa na gari jekundu lisilo na paa, na humo walikaa askari wastaafu wenye nishani za vita. Likafuatwa na bendi ya shule, kisha matrekta, kisha farasi wa ukoo wa Boyum, wanene, walioshiba, wasio na haya hata chembe. Askari wa kawaida walikuja baada ya farasi. Aliyeupanga utaratibu huo hajulikani, na bora asijulikane, maana kila askari wa Bergholt alikuwa na jozi maalumu ya viatu kwa ajili ya siku hiyo tu.

Na si kwamba Arlys hakuwa na nishani. Alikuwa nayo, Nyota ya Shaba, ya ushujaa, ya Vietnam, na aliihifadhi jikoni ndani ya kopo la vifungo. Kilichokosekana ni maandishi. Hati yake ya kumaliza jeshi haikuitaja kabisa, na aliyeacha kuiandika ni karani mmoja wa kambi ya Long Binh, msichana mwenye haraka zake, jina lake Arlys.

Ndiyo, yeye mwenyewe. Makarani wa kike wa kambi ile walikuwa na desturi yao: anayekwenda nyumbani anajipigia taipu hati yake kwa mkono wake, wenzake wamemzunguka wanampigia makofi. Arlys aliipiga yake, ofisa akatia sahihi, kila mtu akafurahi. Asubuhi ya kuondoka kanali akambandika nyota kifuani. Sasa hati irudiwe? Karatasi nne na kaboni katikati, ukikosea herufi moja unaanza upya, na nje yupo Verlyn, dereva wa lori, anapiga honi kama mwendawazimu ili amwahishe uwanja wa ndege. "Nitairekebisha nikifika nyumbani," akasema, akabeba begi lake.

Alifika nyumbani, akaolewa na yule wa honi, akalea watoto, akafanya kazi benki mpaka akastaafu. Ile barua ya amri iliyothibitisha nishani ikaoza ndani ya sanduku mwaka ule mto ulipoingia majumbani. Kurekebisha, bado.

Verlyn yeye alikuwa na Moyo wa Zambarau, nishani ya waliojeruhiwa, tena uliandikwa vizuri kabisa, kwa kuwa karani wake alikuwa Arlys. Ndivyo walivyojuana. Alifika dirishani kwake akitembea kwa kuchechemea, naye akamuuliza kwa adabu zote za ofisi, "Jeraha liko sehemu gani ya mwili?"

"Nyuma," Verlyn akasema.

"Nyuma mgongoni?"

"Teremka kidogo."

"Kiunoni?"

"Bibie, endelea kuteremka, au nikuonyeshe tumalize?"

Arlys aliandika "sehemu ya chini ya mgongo" na uso umemwiva kama nyanya. Mpaka leo anasema huo ndio uongo pekee aliowahi kuupiga taipu.

Usidhani watu wa Bergholt walimzuia kupanda gari. Walimbembeleza! Aliyejizuia ni yeye. Miaka ya nyuma bwana mmoja alikaa ndani ya gari jekundu na kifua kizima cha nishani, akipunga mkono kama mfalme, mpaka ikajulikana kwamba kazinunua mnadani na vita vyake vyote alipigana na viazi katika jiko la jeshi huko Kansas. Arlys alikasirika akashika kalamu: hapandi mtu gari hili kama nishani yake haimo katika hati yake. Sheria ikabandikwa katika ukumbi wa askari wastaafu, juu ya mashine ya kahawa, na imo hapo hadi kesho.

"Panda tu, mama," Delmar Boyum alimwambia kila mwaka. Delmar ndiye mkuu wa ukumbi, dereva wa gari jekundu, na mwenye wale farasi. "Nani atakuuliza?"

"Sheria inasemaje, Delmar?"

"Sheria umeiandika wewe!"

"Basi naijua kukushinda."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda, kwa vicheko, hadi majira ya kuchipua ya mwaka mmoja daktari wa macho alipomweleza Verlyn kwamba kiza kitaanza kumwingia katikati ya kila anachokitazama. Pembeni pangebaki peupe.

"Maana yake sitaona uso wa mtu, ila masikio yake nitayaona," Verlyn alisema wakiwa njiani kurudi. Arlys alicheka, kwa sababu ukiwa na Verlyn huna hila, utacheka. Kisha mzee akamgeukia. "Arlys, wenzangu wa lile gari wamekwisha wote. Mwaka huu nitakaa peke yangu kama bibi harusi aliyekimbiwa. Nataka nikuone umekaa pale na nyota yako, kabla hiki kiza hakijafika. Sitaki kingine."

Arlys hakucheka tena. Siku hiyohiyo aliiandikia ofisi ya kumbukumbu za jeshi. Jibu lilikuja la heshima: alete barua ya amri, au ushahidi wa kiapo wa mkuu wake aliyeyaona mambo kwa macho.

Mkuu huyo alikuwa hai. Sajini mkuu Ernestine Gadsden, bibi wa jimbo la Georgia, miaka tisini na ushei, alikaa katika nyumba ya wazee mjini Des Moines. Walimkuta kwenye kiti cha magurudumu dirishani, mdogo kama mtoto wa shule, ila sauti haikuwa imezeeka hata siku moja.

"Koplo Lien!" alinguruma, kwa jina la Arlys la usichana. Wazee wawili waliokuwa wanacheza karata wakaziangusha. "Nywele hizo zinagusa kola!"

"Nitazikata, afande!" Arlys alijibu, mikono imenyooka ubavuni, goti bovu limesahau ubovu wake.

"Na huyu? Ndiye yule wa honi?"

"Ndiye, afande."

"Nilitaka kumweka ndani."

"Hujachelewa, afande," Verlyn alisema, naye kasimama wima, analipigia saluti dirisha badala ya afande.

Karani wa nyumba ile akaja na kompyuta yake, afande akaapa, akaanza kusema. Kombora lilianguka karibu na bweni la wasichana. Moshi ukajaa. Wote walikimbilia handakini, na walipohesabiwa akakosekana mmoja. Kabati lilikuwa limemwangukia. "Kabla sijafungua mdomo kutoa amri, huyu alikwisha kurudi ndani. Alimburuta yule binti kutoka kitandani hadi handakini, na makombora bado yanaanguka. Alikuwa amevaa ndara moja. Andika pia kwamba alikuwa na rola za nywele kichwani. Za waridi."

"Afande, rola tuziache," Arlys alinong'ona.

"Koplo, nimeapa kusema kweli au nimeapa kukupamba?"

Rola ziliandikwa. Verlyn, ambaye miaka yote hiyo alielezwa tu kwamba "palikuwa na moshi kidogo", alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akavua miwani akaifuta, akaifuta tena, na miwani haikuwa na kosa lolote.

Ushahidi ulitumwa. Mei ikapita, Juni ikapita. Tarehe nne Julai ikafika, na hati haikufika.

Delmar aliliegesha gari jekundu mbele ya ukumbi akafungua mlango wa nyuma. Kwa mara ya kwanza maishani Arlys aliushika ule mlango. Alimtazama mumewe, ambaye siku hizo alikuwa anamimina kahawa nje ya kikombe, akainua mguu.

"Usipande," Verlyn alisema kutoka kiti cha nyuma. "Ukipanda hivi utakaa na uso wa mwizi wa kuku, na mimi uso huo siutaki." Akashuka yeye.

Basi gari jekundu likaongoza gwaride bila mtu kiti cha nyuma, Delmar akipunga mikono yote miwili kufidia pengo, akakosakosa kuliparamia gari la zimamoto. Nyuma ya farasi Verlyn alitembea ameshikana mkono na mkewe, na hakuna alichokiruka.

"Hiyo nayo ilikuwa ya farasi?"

"Hiyo ilikuwa ya farasi wawili."

"Nilihisi. Na hii?"

"Verlyn, hiyo ni kofia ya mtu!"

Watu wa kando ya njia walishika mbavu. Arlys naye alicheka njia nzima. Jioni akaviosha viatu vya mumewe kwenye bomba la uani na hapo akalia, kwa sababu alijua Julai nyingine itakuja baada ya kiza.

Bahasha ilifika Oktoba, mahindi yakiwa yanavunwa. Ndani mlikuwa na karatasi moja ya masahihisho: katika hati ya Arlys iongezwe Nyota ya Shaba. Aliisoma kwa sauti, akaitoa nishani kwenye kopo, akaibandika kwenye sweta, akasimama mbele ya dirisha la jikoni.

"Unaionaje?"

Verlyn alimtazama usoni moja kwa moja. "Naona mapazia," alisema polepole. "Naona na viatu vyako."

"Tumechelewa," Arlys alisema, akaketi.

Verlyn akainuka. Alipapasa simu akampigia Delmar, na Jumamosi iliyofuata Bergholt ikafanya Uhuru wa Oktoba. Bendi ilikuja na makoti mazito. Wakulima walizima mashine za kuvunia wakaja na vumbi lao. Wanawake wa kanisani walileta saladi ya viazi kana kwamba kuna msiba, maana hawajui kukusanyika bila saladi ya viazi. Farasi waliwekwa nyuma ya kila mtu. Delmar alisimama chini ya ile sheria akaisoma karatasi, akairudia kwa sababu alipigiwa makofi katikati, kisha akamkabidhi Verlyn nishani. Verlyn akaibandika kwa kupapasa, sindano ikamwingia Arlys, na tusi alilolitoa lilipita kwenye kipaza sauti likafika hadi upande wa pili wa mji. Mchungaji alikohoa. Watoto walilihifadhi.

Wakapanda. Gari likaanza kuuzunguka uwanja wa mji, ngoma zinalia, na Arlys akageuka kumwangalia mumewe. Verlyn alikuwa ameelekeza uso kwingine kabisa, kwenye ghala la mahindi.

"Verlyn, niko huku."

"Najua uliko. Nikikutazama unapotea. Nikilitazama ghala, nakuona mzima. Mbona nyota imeinama?"

"Umeibandika upande, ndiyo maana."

"Iache hivyohivyo. Naiona. Tulia, usitikisike."

Wakazunguka mara ya kwanza, Delmar akaunganisha ya pili bila kuombwa. Verlyn alilitazama ghala, akaitazama benki, akalitazama kanisa, akawatazama na farasi. Kwa mkewe hakuuelekeza uso hata mara moja. Kando ya njia bibi mmoja wa saladi alisema maskini Verlyn, hajui hata mkewe kakaa wapi.

"Tabasamu kidogo," Verlyn alisema walipolipita ghala mara ya tatu.

"Natabasamu!"

"Ngoja basi nitazame benki." Akageuza shingo, akangoja gari lifike mahali pake. "Haya. Sasa nimekuona."

Arlys alinyoosha mgongo, akainua kidevu, akakaa hivyo mpaka bendi ilipochoka.