Mzee Pasi na Foleni ya Kura

Mtaani kwetu aliyenishinda kwa unadhifu hajazaliwa. Sifa nusu, hata hivyo, nampa shemeji yangu, dobi aliyemwoa dada yangu mkubwa. Sote tulimwita Mzee Pasi.

Zamani siku ya kura ilikuwa siku ya kuvaa. Wiki nzima kabla yake, kibandani kwa Mzee Pasi hapakuwa na pa kukanyaga: magauni, mashati, hata suti za harusi. Alfajiri foleni ilianzia mlango wa darasa la nne, chumba chetu cha kura pale shuleni, ikalizunguka bomba la maji, ikafika kwa seremala. Wapagazi na wauza mkaa tulisimama tumenyooka kama maharusi. Mimi, kwa jinsi nilivyotakata, niliwahi kuulizwa kama mimi ndiye mgombea. Sikukanusha haraka.

Kisha tukachoka. Bomba lilitoa hewa mwaka hadi mwaka, tukasema kura haijazi ndoo. Wenye maghorofa kule juu mlimani hawakuchoka. Wao hupiga kura kabla ya chai, na barabara yao huwekwa lami juu ya lami.

Safari hii msimamizi wa kituo akatuonya: tukija wachache tena, chumba chetu kitafungwa, tutapigia kura kule juu.

"Mlima ule mama muuza mkaa ataupanda kwa magoti gani?" Mzee Pasi akaniuliza.

"Mimi hata hapa chini siendi. Nataka shati langu tu."

"Shati utalipata, shemeji."

Asubuhi ya kura nikakuta kibanda kimefungwa. Dada yangu alikuwa kizingitini anachambua mchele.

"Kahamia shuleni," akasema, "na nguo zenu zote."

Mtaa mzima ukateremka ukinung'unika. Tukamkuta nje ya lango na meza yake, pasi ya mkaa inafuka, mashati yetu yananing'inia kwenye kamba.

"We dobi, umetuteka?" nikamfokea.

"Shati lako hilo, nenda zako. Ila livae kwanza, nione kola imekaaje."

Nikalivaa. Wanangu, lilikaa. Mkunjo wa mkono ungekata nyanya. Sasa mtu ametakata hivyo, arudi nyumbani kutazamwa na kuku? Nyuma yangu mama muuza mkaa alikuwa na gauni la buluu nililolisahau miaka.

"Baba, unapanga foleni au unaziba njia?"

Nikapanga. Wengine walichukua nguo zao wakaondoka, naye hakuwazuia. Foleni ilifika bombani; kwa seremala haikufika. Lakini jioni msimamizi alituambia chumba kinabaki.

Mzee Pasi alipiga kura wa mwisho, shati lake limekunjamana kama karatasi ya maandazi. Ya watu yote alikuwa ameyanyoosha.

"Mara ijayo lako nitalipiga pasi mimi," nikamwambia.

Akaniangalia, akakunja meza yake. "Utaliunguza."