Dereva Asiyesimama Kileleni

Jua ndio kwanza linachungulia nyuma ya milima ya Zavkhan, na Norjmaa amepiga goti kwenye theluji, anatoa upepo kwenye matairi ya Landkruza yake. Tairi linapumua, fyuuu, mpaka linatandaa chini kama mguu wa ngamia. Analiangalia, anatikisa kichwa, analipunguza tena kidogo.

Abiria wake, Mzee Damdin, amesimama pembeni, mikono kaificha ndani ya joho lake la ngozi ya kondoo. Anatoka hospitali ya mjini na anataka awe nyumbani kabla ya Mwezi Mweupe, sikukuu ya mwaka mpya.

"Binti, matairi mazima hayo, mbona unayaharibu?"

"Siyaharibu, mzee wangu. Nayapunguza kiburi. Tairi lenye kiburi linazama."

"Na dereva mwenye kiburi, je?"

Norjmaa anacheka, anahamia tairi la pili. Anajua mzee anakolenga.

Mama huyu wa miaka arobaini na saba ndiye anayewavusha watu, unga na dawa kwenda Bonde la Zeerd wakati magari mengine yameshasalimu amri. Nauli ni tugriki elfu arobaini kwa kichwa. "Nusu inamezwa na mafuta, vipuri navyo vinadai chao," anasema. "Kinachobaki ndicho changu."

Kazi haimtishi. Kinachomnyima raha ni maneno ya watu.

Kileleni, njia inapovuka mlima, lipo ovoo, rundo la mawe lililofungwa vitambaa vya samawati. Mila inamtaka kila apitaye ashuke, alizunguke mara tatu kufuata mwendo wa jua, aongeze jiwe. Norjmaa hasimami. Anapiga honi tatu na kupita. Bondeni wameanza kusema anaudharau mlima, na baadhi yao sasa wanamngoja dereva mwingine, kijana mwenye adabu, anayesimama. Mzee Damdin neno lake kule halipingwi. Leo akishuka na kusema huyu hafai, Norjmaa hana abiria tena.

"Mwaka juzi nilisimama," anamweleza kila anayemuuliza. "Abiria wangu, Bi Sodnom, aliniomba sana, nikaona haya kumkatalia."

Walizunguka vizuri, wakaweka mawe yao, wakarudi garini. Gari likakataa kuvuka. Hatua chache baada ya ovoo upepo hurundika theluji mpaka kiunoni, na pale hupiti bila kwenda na kasi. Walipatikana kesho yake mchana, na Bi Sodnom alikatwa vidole viwili vya mguu vilivyoganda kwa baridi.

"Mlima haukumkosea. Nilimkosea mimi," anasema Norjmaa, na sauti yake inapungua. Bado inamuuma.

Safari inaanza. Anaweka gia nzito na kuacha mguu mahali pamoja kwenye mafuta. Breki haigusi kabisa. Mara moja gari linakwama, naye analirudisha nyuma taratibu kwenye alama zake mwenyewe, kisha analisukuma tena mbele mpaka njia inafunguka. Theluji imefika kwenye taa.

Vitambaa vya samawati vinaonekana.

"Simamisha," anasema Mzee Damdin.

"Hapana, baba."

"Nimesema simamisha! Nimetoka kitandani mzima, nipite hapa bila kushukuru, kama mbwa aliyeiba nyama?"

Norjmaa anapiga honi tatu. Sekunde inayofuata gari linajitosa kwenye rundo la theluji na kioo chote kinakuwa cheupe. Haoni kitu. Hakazi usukani, wala mguu hautoi. Gari linayumba, linaguna, linaelekea kuzimika, halafu linachomoza upande wa pili.

Mzee amenuna. Gari linaanza kuteremka, naye anamgeukia dereva.

"Kwa hiyo mlima wewe umeusahau."

"Sijausahau. Mwezi wa tisa, kabla theluji haijashuka, napanda kwa miguu. Nazunguka mara tatu kwa kila familia ya bondeni. Nikimaliza, kichwa nacho kinazunguka chenyewe."

"Na mimi?"

"Nilianza na wewe, baba."

"Ulifuata mwendo wa jua?"

"Sasa ningezungukaje, jamani?"

Bondeni, mkwe wa Mzee Damdin anatoka na birika la chai ya maziwa yenye chumvi. Wafugaji wawili waliokuja kungoja unga wao wanasogea. Mmoja haulizi hata habari za hospitali.

"Mzee, huyu alisimama?"

Norjmaa anajifanya anakagua matairi.

"Alisimama," anasema Mzee Damdin. "Alisimama mwezi wa tisa, kwa ajili yako na yangu, sisi tumekaa hapa tunamsengenya." Anapokea bakuli la chai, lakini hanywi, anampelekea dereva kwa mikono miwili. "Mwezi wa tisa ujao nakwenda naye. Anayejipenda atanifuata."

Aliyeuliza anainamisha kichwa na kwenda kupakua unga wake.

Norjmaa ana safari ya kurudi kabla jua halijazama. Anakunywa chai yake yote.

"Watu wa bonde wakija kuzunguka wenyewe," anasema akiwasha gari, "baridi ikianza mimi nitabaki na kazi moja tu, kuendesha."